Nta Kwenye Kifuniko cha Tangi

Bwana Ugavi, mkuu wa ugavi wa mradi wa visima, alipochovya kidole kwenye kichupa cha samli ya mwanangu, akakilamba, uvumilivu wangu uliisha. Mpaka hapo nilikuwa nimenyamaza. Alikuwa ameingia chumbani kwetu asubuhi bila hodi, mgambo wawili nyuma yake, akaanza kunusa. Alinusa koroboi. Alinusa debe la maji. Alifunua sufuria ya mlenda akainusa, akainusa na shati la kazi la mume wangu lililokuwa kwenye msumari, kisha akatikisa kichwa kama daktari aliyeupata ugonjwa. Alikuwa anatafuta dizeli. Mimi nimekaa kitandani, Minza yuko titini, ana miezi michache tu, na hicho kichupa kilikuwa juu ya sanduku, samli ya kumpaka mwili ambayo niliipata kwa mama mmoja mfugaji kwa kumpa kitenge changu kizuri. Mwaka ule sabuni ilikuwa ya foleni, mafuta ya kujipaka hayakuwepo kabisa, na mtu mzima na cheo chake anakuja kulamba samli ya mtoto.

"Bwana Ugavi, umeshaonja," nikamwambia. "Ni dizeli au samli?"

"Mama Minza, mimi natimiza kazi yangu."

"Kazi yako ni kulamba mafuta ya mtoto? Basi huyu hapa, mlambe na mgongo kabisa, usije ukasema nimeficha."

Mgambo mmoja alichekea puani, akajifanya anakohoa. Nilisimama na mtoto wangu akiwa bado ameng'ang'ania titi, nikampokonya yule bwana kichupa, nikamsukuma kwa kiwiko mpaka kizingitini. Nilisema maneno mengi ambayo masista walionisomesha hadi kidato cha nne hawakunifundisha. La mwisho nalikumbuka vizuri: "Kama mume wangu mwizi, nitamshika mimi. Lakini nitamshika barabarani, si kwenye sufuria yangu." Nilikuwa sijui bado kwamba nimeahidi kitu cha kweli.

Haya yote yamenirudia kwa sababu ya msiba. Tumemzika Fundi Seif hivi karibuni, pale Ushirombo, na baada ya maziko nilikaa na wanawake wenzangu, sahani ya pilau mapajani, nikawasikia wanaume upande wa pili wa turubai wakimsifu marehemu. "Alikuwa na sikio, yule! Landrova ya visima iliwashinda wote. Yeye akainama mara moja, akajua ugonjwa wake." Wengine wakaitikia, kweli, kweli. Nilitafuna nyama yangu. Mtu akifa watu humpa hata vya wenzake, na mimi kwa umri huu nimechoka kusahihisha watu misibani. Fundi Seif alikuwa mtu mwema na fundi mzuri wa breki. Lakini gari lile hakulijua. Alilihangaikia mwaka karibu mzima, akalifungua na kulifunga kama mtu anayechambua mchele gizani, na wakati huo mume wangu anaitwa mwizi kila siku. Nimerudi nyumbani, magoti yananiuma, nimekaa mezani kuandika. Sina haraka ya kumshusha marehemu. Nataka tu mwaka wangu urudi kwangu.

Tuliishi ndani ya yadi ya mradi wa visima, chumba kimoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Chumba hicho kilikuwa cha dereva: ukiwa dereva unalala humo, ukikoma kuwa dereva unatoka. Ukuta wetu mmoja ulikuwa ndio ukuta wa karakana, tofali mbichi zilizopakwa udongo, na juu palikuwa na uwazi wa kupitisha hewa. Kwa hiyo nilipika, nilinyonyesha na kulala nikisikia karakana. Harufu ya oili iliingia kwenye ugali wa muhogo. Asubuhi tulikula matobolwa, vile viazi vilivyopikwa vikakaushwa, na chai isiyo na sukari, na mume wangu, Baba Minza, alitafuna polepole akitazama mlango kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Alikuwa mtu wa kuona haya. Ukimsingizia jambo, badala ya kukasirika anainamisha uso, na mtu anayeinamisha uso huonekana amekosa. Nimeishi naye mpaka leo na bado jambo hilo linanichosha. Kuna watu Mungu amewapa uaminifu akasahau kuwapa mdomo.

Ugonjwa wa gari ulikuwa hivi. Linaondoka yadini na nguvu zake zote, moshi kidogo, linanguruma vizuri. Baada ya mwendo fulani linaanza kulegea. Unakanyaga mafuta, halisikii. Kilima ambacho jana lilikipanda kwa gia ya tatu, leo hata kwa gia ya pili linashindwa, linakohoa, linatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha kimya. Linazima katikati ya barabara. Baba Minza anashuka, anafungua nati za paipu kwenye filta, anapampu kwa mkono kutoa hewa, dizeli inamwagikia vidole na shati. Anahangaika. Baadaye, bila sababu yoyote anayoweza kuieleza, linawaka. Linakwenda kama halijawahi kuugua. Kisha linazima tena mbele. Na lilikuwa na kisirani kimoja cha ziada: likijazwa tangi pomoni, linazima mapema. Likiwa na nusu tangi, linafika mbali zaidi. Sasa fikiria dereva anaeleza jambo kama hilo kwa mkubwa wake. Gari linazima likishiba!

Nilisikia mazungumzo yao ukutani, Fundi Seif na Bwana Ugavi, siku moja mchana, ugali uko motoni.

"Nimebadilisha filta. Nimeangalia pampu. Nozeli nimezisafisha zote," alisema Fundi. "Inaingia hewa mahali, lakini sijapaona."

"Hapa yadini inazima?"

"Hapa haizimi. Juzi nimeiacha inanguruma tangu asubuhi mpaka nimeswali adhuhuri. Haijakohoa."

"Kwa hiyo ni mzima."

"Hapa ni mzima, Bwana Ugavi."

"Inakuwa mgonjwa ikifika kwa wachimbaji tu. Na ikiwa imejaa." Akacheka. "Fundi, wewe ni mtu mzima. Gari gani inaumwa kwa kuchagua mahali?"

Nilisikia spana ikiwekwa chini. Nilikoroga ugali mpaka ukashika chini, kwa sababu nilikuwa nimeelewa vizuri kinachosemwa. Mara nyingi gari lilizimia kwenye barabara ya Nyarugusu, kabla ya kufika machimboni, na wachimbaji walikuwa na mashine za kuvuta maji mashimoni zilizokunywa dizeli kuliko ng'ombe anavyokunywa maji kiangazi. Dizeli haikupatikana. Ukisimama na tangi lililojaa karibu na watu wale, nati za paipu zimelegezwa, mikono inanuka, nani atakuamini? Hata mimi, nakiri bila kona, kuna usiku nililala nimempa mgongo.

Lazima nimweleze huyu Bwana Ugavi, la sivyo hamtaelewa. Kabla ya kuja kwetu alikuwa msimamizi wa ghala la asali. Misitu ya kwetu ni ya nyuki, na asali ikishatiwa kwenye pipa, mdomo wa pipa huzibwa kwa nta iliyoyeyushwa, ikagongwa alama, ili ikifika inakokwenda ijulikane hakuna aliyeonja njiani. Kwa asali ni utaratibu mzuri sana. Alipopewa ugavi wa mradi alikuja na utaratibu wake. Kila asubuhi alifungua kufuli la kifuniko cha tangi, akapima dizeli kwa fimbo, akaongeza, akafunga kufuli, kisha akamimina nta ya moto kuzunguka kifuniko chote na juu yake, akaigandamiza kwa kichwa cha ufunguo wake. Juu ya kile kifuniko kiwandani waliweka kitundu, kidogo, kama cha sindano nene. Alikiona ni uzembe. "Hapa mtu anaweza kupitisha mrija," alisema, akakiziba pia. Watu tulimsifu! Nilikuwepo. Tuliona hapo tumepata mkubwa anayejali mali ya umma. Na Fundi alipotaka kulijaribu gari yadini, Bwana Ugavi alikuja kwanza kufungua kifuniko na kupima, na alikiacha wazi mpaka jaribio liishe, apime tena. Ndiyo maana yadini gari lilikuwa mzima. Leo nikiandika naona ni jambo dogo kiasi cha kuchekesha. Wakati ule lilipita mbele ya macho yetu wote, kila siku, limevaa sura ya uangalifu.

Basi kesho yake baada ya ile siku ya kulamba samli, nilimfunga Minza mgongoni nikapanda garini. Baba Minza alisema, "Mama Minza, si ruhusa." Nikamwambia, "Nipe ruhusa wewe." Nilikaa kiti cha abiria, ambacho kwenye gari lile kipo juu ya tangi lenyewe, mdomo wake ukiwa ubavuni. Asubuhi hiyo lilikuwa limejazwa pomoni na nta ilikuwa mpya, ya manjano, inanukia vizuri kama mishumaa ya Pasaka. Pamba ilikuwa imeshavunwa, mashamba yamebaki mabua, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Likaanza kulegea. Nilimtazama miguu: amekanyaga mpaka chini. Nilimtazama uso: jasho. Likakohoa, likafa.

Hawakukawia kutokea, vijana wa machimboni wenye vumbi jeupe nyusini, na madumu yao.

"Dereva! Leo tena? Gari lako lina mchumba hapa?"

"Tuachie hata galoni moja, kaka. Duara letu la kuchimbia limejaa maji, chura ndio wanachimba dhahabu."

"Sina mafuta ya kuuza," alisema Baba Minza, na nikajua, kwa jinsi alivyosema kwa uchovu, kwamba amelisema mara nyingi na hakuna siku lilibadilika.

Mmoja akaniona, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, shikamoo. Umekuja kumlinda mzee?"

"Marahaba. Nimekuja kumkamata."

Walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimesikia kitu. Injini ikiwa imezima na vijana wameanza kunyamaza, chini ya makalio yangu bati lililia. *Ta.* Kisha kimya, kisha tena, *ta*, kama debe tupu lililokandamizwa linapojirudisha taratibu. Nilishuka. Nikainama kwenye mdomo wa tangi. Ile nta ya juu ya kifuniko, pale kilipokuwa kile kitundu, haikuwa tambarare tena. Ilikuwa imebonyea kwenda ndani, kama kitovu. Kitu fulani kutoka ndani kilikuwa kinaifyonza.

Sijui niseme nini kuhusu dakika ile zaidi ya kwamba niliona kopo la mafuta ya kupikia. Kila mwanamke anajua. Ukilitoboa kopo tundu moja, mafuta yanatoka kwa kwikwi, mara mbili tatu, kisha yanagoma, na ulitikise utakavyo. Unatoboa la pili upande wa pili, hewa inaingia, yanamwagika. Gari lilikuwa linavuta dizeli kwenye tangi lisilo na tundu la pili. Lilivuta mpaka likashindwa kuvuta. Likipumzika, hewa ilijipenyeza kidogo kidogo kwenye ufa mdogo wa nta, likapata nguvu ya kuvuta tena. Na likijazwa pomoni, nafasi ya hewa juu ya mafuta ilikuwa ndogo, kwa hiyo liliishiwa mapema. Fundi alikuwa anatafuta hewa iliyoingia. Hakuna aliyetafuta hewa iliyozuiwa.

"Fungua hiki kifuniko," nilimwambia mume wangu.

"Ufunguo anao Bwana Ugavi. Na hiyo ni lakiri yake, Mama Minza. Usiiguse. Ukiigusa wametumaliza."

"Tumekwisha tayari."

Nilichomoa pini kwenye nepi ya Minza, nikamkabidhi baba yake mtoto, kitambaa kikimlegalega, nikaichoma ile nta pale ilipobonyea. Gari lilivuta pumzi. Nasema pumzi kwa sababu hakuna neno lingine: *fyuuuu*, ndefu, ikaendelea, ikaendelea, na bati la tangi likajirudisha mahali pake kwa kishindo mpaka vijana wakaruka nyuma. Mmoja alisema jina la bibi yake. Baba Minza alipampu kidogo, akawasha, likawaka mara moja. Tulifika Nyarugusu na kurudi, vilima vyote, gia ya tatu, na halikukohoa hata mara moja. Njiani alinitazama mara kwa mara kama mtu aliyeoa upya. Nilimwambia aangalie barabara.

Mwandishi mwenye huruma angeishia hapo. Lakini tuliporudi yadini, Bwana Ugavi aliangalia kitu kimoja tu, nta. Nilimweleza. Nilimweleza kwa adabu, nikaita "baba," nikaleta mpaka kopo la jikoni nikamwonyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kisha akawaambia waliosimama, "Mmesikia wenyewe. Amekiri lakiri imevunjwa." Fundi Seif alikuwepo. Nilimgeukia. "Fundi, sema. Ufunge kifuniko uliwashe hapahapa, utaona." Alifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu, mikono iliyokuwa safi tayari. "Mama Minza," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nina watoto." Sikumchukia kwa hilo, si siku ile wala sasa. Miaka ile neno la kuhujumu uchumi lilitosha mtu kupotelea gerezani, na yeye hakuwa na ukuta wa kuegemea. Lakini alilijua jibu kuanzia dakika ile, na nadhani baadaye alipokuja kulisimulia alijisahau, akalisimulia kama lake.

Baba Minza alisimamishwa kazi jioni hiyohiyo. Kesi ingepelekwa polisi wiki inayofuata, na chumba tukiache kabla. Alianza kufunga sufuria kwenye shuka. Mimi nilimpakata Minza nikaomba kalamu kwa mwalimu wa shule ya jirani, nikaandika barua. Kesho yake nilidandia lori la pamba mpaka makao ya wilaya. Karani mle ofisini, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni, aliangalia karatasi, akaniangalia kifuani ambapo maziwa yalikuwa yamelowesha gauni.

"Dada, malalamiko ya mtumishi huletwa na mtumishi. Mwambie mume wako aje."

"Mume wangu hajavunja kitu. Aliyevunja lakiri ni mimi. Kwa hiyo mwenye kesi ni mimi, na mwenye kulalamika ni mimi."

"Sasa wewe ni mlalamikaji au mtuhumiwa?"

"Gonga muhuri kwanza. Hilo mtalijua mkisoma."

Akagonga. Nadhani aligonga ili mtoto aache kulia. Nakala ya karatasi hiyo iliyomrudisha Baba Minza kazini ninayo hadi leo, nainakili hapa bila kuongeza wala kupunguza.

*Ndugu Mkurugenzi,*

*YAH: KULALAMIKIA KUSIMAMISHWA KWA DEREVA ASIYE NA KOSA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mke wa dereva wa mradi wa visima. Elimu yangu ni kidato cha nne. Namlalamikia Mkuu wa Ugavi kwa mambo yafuatayo. Ameziba kwa nta tundu la hewa la tangi la gari la mradi, na gari halikuwa na tatizo kabla hajaliziba. Nimeomba mbele yake liwashwe likiwa limezibwa, hakuruhusu. Ameingia nyumbani kwangu akalamba mafuta ya mtoto mchanga. Amemwita mume wangu mwizi mbele ya watu.*

*Nta niliivunja mimi kwa pini. Sikutumwa na mtu. Nikikosea niadhibiwe mimi.*

*Siombi huruma. Naomba jaribio. Tangi lijazwe mpaka juu mbele ya ofisi yako. Mkuu wa Ugavi alizibe kwa mkono wake, kwa nta yake, kama alivyozoea. Aendeshe mtu mwingine yeyote mtakayemchagua, mume wangu abaki ofisini kwako akilindwa na askari. Gari lielekezwe barabara ya Nyarugusu na Mkuu wa Ugavi akae kiti cha abiria, juu ya tangi. Likifika bila kuzima, mume wangu afungwe, na mimi nifungwe naye. Likizima, asiruhusiwe mtu kugusa paipu. Itobolewe nta tu, na mtu yeyote mwenye pini.*

*Kama Mkuu wa Ugavi hatakubali kupanda gari hilo, naomba iandikwe kwenye faili la mume wangu kwamba aliitwa na akakataa.*